Kwato za Zabibu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipigwa teke hata chai sijanywa. Nawaambia mapema, ninyi vijana mnaoniita Mzee Farasi, msije mkadhani nilizaliwa najua. Niliajiriwa kuwa saisi, yaani mtunza farasi, nyumbani kwa Bwana Mifugo, Mzungu aliyesimamia mambo ya ng'ombe hapa Mwanza. Saisi Mkuu, mzee wa Kisomali, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Wewe Msukuma, ng'ombe unawajua," aliniambia. "Huyu si ng'ombe. Ukisimama nyuma yake umekwisha!"

Aliyenipiga teke alikuwa farasi jike, jina lake Zabibu, na alikuwa na haki ya kukasirika. Viatu vya chuma alivyopigiliwa miaka yote vilimbana kwato kwa nyuma, zikapasuka kwa mbele. Akitembea alichechemea, unamwonea huruma. Bwana Mifugo alirudi safari ya Misungwi, akamtazama, akasema, "Asipopona, nitampiga risasi."

Saisi Mkuu akamwomba tumwache bila viatu. Tulipong'oa misumari, watu wa mtaa wa Kirumba walitutania kweli: eti farasi wa Mzungu naye anakwenda pekupeku kama sisi!

Kazi yenyewe haitaki pupa. Unapunguza ukwato uliozidi kwa koleo, kisha unausugua ukingo kwa tupa uwe mviringo, usipasuke tena. Katikati ya unyayo kuna sehemu laini ya pembetatu. Hiyo usiichezee kwa kisu, maana nayo inabeba uzito. Tulianza kumtembeza kwenye mchanga mbichi wa ziwani, baadaye kwenye changarawe. Ukwato mpya huota toka juu, pale manyoya yanapoishia, ukishuka polepole mno. Kila ufa uliposhuka kidogo, mimi nilipumua. Nilimpenda yule mnyama, sioni haya kusema.

Akapona. Akakimbia kwenye mawe, na Bwana Mifugo juu yake anacheka.

Uhuru ulipofika, Saisi Mkuu alikuwa amesharudi kwao. Bwana Mifugo naye akafunga mizigo. Akaniagiza, "Mchonge kwato vizuri, umwoshe." Jamani, nilifurahi! Nikajua amempatia mtu mwingine wa kumfuga. Nilipomaliza, akatoka ndani na bunduki.

"Bwana, niachie mimi," nikamwambia. "Nitamlisha."

"Najua utamlisha. Lakini siku ukishindwa atafungwa mkokoteni, atapigwa mpaka afe. Kwetu hatuachi farasi nyuma. Mshike kamba. Kwako anatulia."

Alikuwa analia. Kulia kwake kulinichoma zaidi, kwa sababu nilijua hatabadili neno.

Baadaye nilifanya kazi kwenye majosho ya ng'ombe, chini ya mabwana mifugo wetu wenyewe, mpaka nikastaafu. Wengine walikuwa watu wema. Ukwato wa farasi sikuugusa tena. Sasa mnakuja, shikamoo babu, tufundishe kuchonga kwato. Niwafundishe ili iweje? Siku ile nilimtoa Zabibu bandani, akanifuata bila kuvutwa, akapita kwenye changarawe bila kuchechemea hata kidogo. Akasimama sawasawa kwa miguu yote minne, akanilazia begani kichwa chake, na mimi nikaishika kamba.