Sahani ya Kwanza ya Krismasi

Harufu ya chapati zikikaangwa hunikamata popote nilipo, hata mkahawani Migori mjini, nikasahau nilichokuwa nikisema. Kwetu Kisegi chapati zilipikwa Krismasi tu. Mama alizisukuma kwa chupa ya soda, nasi watoto tukilizunguka jiko kama paka walionusa samaki.

Hakuna aliyeonja kabla sahani ya kwanza haijatoka. Bwana alizaliwa zizini, Mama alisema, kwa kukosa nafasi majumbani mwa watu. Basi asiye na mtu ale kwanza, wala asile peke yake. Mtoto mmoja alipeleka sahani, akaketi, akala naye, ndipo akarudi.

Nilipokuwa na miaka kumi, zamu ikawa yangu. Nilitumwa kwa Nyanya Salome, mjane kipofu aliyeishi ng'ambo ya shamba letu.

"Usimwekee tu kama unayelisha kuku," Mama alionya. "Keti."

Nilipokaribia kwake nikasikia spika zikinguruma sokoni. Vijana waliorudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Osiri walikuwa wamekodi muziki. Binamu yangu Akinyi akanipita mbio. "We sista! Endelea na sala zako, utapata soda zimeisha!"

Nami, msomaji, nilikuwa na gauni jipya la manjano ambalo lilikuwa bado halijaonekana sokoni. Nikaiweka sahani kizingitini, nikabisha mara moja, nikakimbia.

Kesho yake Mama alinichukua tukaifuate sahani. Niliiona kabla ya Mama, nikaiokota upesi: ilikuwa uani, imepinduliwa, mbwa wawili wamelala kando. Ndani, vigoda viwili vilitazamana, na katikati yake palikuwa na birika la maji ya kunawa, limejaa pomoni.

"Huyu alikula nawe, Nyanya?" Mama akauliza.

"Alikula, nyathina, mwanangu. Akaniimbia pia." Akapapasa hadi akakipata kichwa changu. "Ila miguu yake siku hizi ina haraka."

Mama akacheka. Mimi nikajiapia kumwomba Nyanya radhi Jumapili; kisha shule zikifunguliwa; kisha Pasaka. Alizikwa kabla ya Pasaka.

Leo mimi ni mwepesi wa kukemea. Nasema Krismasi imegeuka nyama choma na makelele, Mwenyewe hatajwi. Wanangu hunisikiliza macho yakiwa kwenye simu. Miaka mingi niliwalaumu walimwengu. Lakini wale wenye spika hawakujua kwamba Nyanya Salome alikuwa akingoja sahani. Mimi nilijua, nilifundishwa, na sahani ilikuwa mikononi mwangu.

Utotoni nilidhani uongo wa Nyanya uliniokoa na kiboko, basi. Ilinichukua nusu ya umri wangu kutambua kwamba alinifichia aibu ili nirudi mwenyewe, kwa hiari, nikae naye. Aliningoja majuma yote yale, akisikiliza nyayo njiani. Sikwenda.