Mbwa wa Dorothée na Dawa ya Ng'ombe

Dorothée Mukandayisenga ni mjane wa vilima vya juu ya Lushebere, mlimaji wa maharage na muhogo kama mama yake na bibi yake. Kinachomtofautisha na wajane wengine wa kilima kile ni mbwa. Mume wake, Mbonigaba, alikuwa mwindaji, na alipofariki alimwachia shamba linalopakana na msitu pamoja na mbwa watatu waliozoea kuvaa njuga shingoni. Watu walimshauri awagawe. Dorothée akakataa, maana shamba la ukingoni mwa msitu lisilo na mbwa ni kuwalimia nguruwe-pori tu. Akawa anawaazima wawindaji wa bondeni, nao wakirudi wanamwachia paja la simbiliki, yule panya mkubwa wa kwenye majani marefu.

Mbonigaba ndiye aliyewapa majina, na yalikuwa majina ya kuwajibu majirani wenye maneno mengi. Dume kubwa liliitwa Tutaona. Dume dogo, jepesi, lenye mbio kuliko wote, liliitwa Baseme, yaani waache waseme. Jike lilikuwa Shida.

Mvua za mwezi wa tatu zilipoanza, Dorothée aliona mbavu za Tutaona zimeanza kuhesabika. Baseme naye akawa anaburuta makalio juu ya majani. Asubuhi moja, akifagia uani, aliona kwenye mavi ya mbwa punje nyeupe kama za mchele. Aliinama kuzitazama vizuri. Punje zile zilikuwa zinajikunja na kujikunjua.

Si mbwa waliomjia akilini kwanza. Ni Shekinah, mjukuu wake wa miaka minne, aliyeletwa kwake tangu vita viliposogea karibu na nyumbani kwa wazazi wake. Kila mchana mtoto yule alilala kichwa chake kikiwa juu ya tumbo la Baseme, na mara nyingi mkono ukiwa mdomoni. Siku zile tumbo la Shekinah lilikuwa limejaa, na alikuwa akilalamika kwamba linamwuma. Dorothée alimwita, akamfunua shati, akalibonyeza lile tumbo taratibu.

Hofu humfanya mtu ashike kilicho karibu. Kilichokuwa karibu ni chupa. Shemeji yake Ngabo, mchungaji wa ng'ombe, alikuwa ameisahau pale nyumbani pamoja na bomba la sindano: dawa ya minyoo, nusu chupa, ile wanayowadunga ng'ombe chini ya ngozi. Dorothée alikuwa amemsaidia Ngabo kuwashika ndama, akaona sindano inavyoingia na dawa inavyovutwa mpaka alama ya tano. Minyoo ni minyoo, alijiambia. Tena mbwa hawa wanayo mingi, basi wasipunjwe.

Alimdunga Tutaona, akatulia. Alimdunga Baseme, akapiga kelele mara moja tu. Shida, aliyekuwa na mimba, aliiona sindano akakimbilia migombani, na Dorothée akamwacha mpaka kesho. Kukimbia kule ndiko kulikomwokoa.

Mchana Baseme alianza kutoa mate. Yalimtoka mengi, yakalowesha kifua. Kisha miguu ya nyuma ikaanza kutetemeka, akawa anatembea kama mlevi. Dorothée alimwita; mbwa akageuka, akaja moja kwa moja, akagonga ukuta wa nyumba kwa uso. Akarudi nyuma, akagonga tena. Dorothée alimshika kichwa akamtazama macho, akaona yamekuwa meusi matupu, mboni imefunguka mpaka ukingoni. Alipitisha kidole mbele yake, na yale macho hayakukifuata. Kabla jua halijashuka Tutaona naye alikuwa akitetemeka.

Majirani waliopita walisema mbwa wametegewa sumu. Mmoja alitaja jina la mtu. Dorothée alinyamaza, na ule ukimya ulimwuma, kwa sababu aliijua sumu na aliujua mkono ulioitoa. Mama mmoja alileta mawese, akasema yanaua kila sumu, na Dorothée akamfungua Baseme mdomo akamimina. Mbwa alikohoa, mafuta yakamtoka puani.

Kulipokucha Baseme alikuwa hawezi kuinuka. Dorothée alimwacha Shekinah kwa jirani, akaifunga ile chupa ndani ya kitenge, akashuka kwenda Lushebere.

Ni mwendo wa saa mbili. Kwenye daraja la miti kulikuwa na kizuizi, na vijana wenye bunduki waliomwuliza amebeba nini. Alifungua kitenge. Kijana mmoja aliinyanyua chupa, akaitikisa, akauliza kama ni pombe. Dorothée alieleza kwamba ni dawa ya mifugo, akaona yule kijana anataka kuionja. Hapo aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa bunduki. Alimwomba kwa sauti ndogo asiiweke mdomoni, akamweleza kilichowapata mbwa wake. Kijana akamtazama, akairudisha chupa, akajipangusa mkono kwenye suruali.

Pale Lushebere, karibu na kambi ya wakimbizi, Emérita Nyiransengimana alikuwa na kibanda cha dawa za mifugo. Alikuwa amesomea kazi hiyo, akatibu ng'ombe wa malisho ya Masisi miaka mingi kabla ya vita kumfukuza kwake. Alisoma maandishi ya chupa, kisha akampa Dorothée bomba tupu.

"Nionyeshe ulivuta mpaka wapi."

Dorothée akaonyesha alama ya tano. Emérita akayasoma tena maandishi ya chupa.

"Mama Dorothée, hapa wameandika alama moja kwa kilo makumi tano. Ile ulimupatia, iko ya ng'ombe ya kilo mia mbili na makumi tano. Mbwa yako iko na kilo ngapi?"

"Sijue. Sikumupima."

"Mbwa haiko ng'ombe mudogo, Mama. Damu yake iko ingine."

Alimweleza bila kumkemea, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Dawa ile haina kitu cha kuiondoa ikishaingia. Kinachowezekana ni kumlaza mbwa kivulini mahali pa kimya, kumgeuza ubavu kila mara, kumlowesha mdomo kwa maji kidogo, na kungoja mwili uitoe wenyewe kwa siku kadhaa. Mbwa asiyeweza kumeza asimiminiwe kitu chochote, wala maziwa wala mafuta, maana vinaingia mapafuni. Dorothée aliposikia neno mafuta alishika ukingo wa meza. Kisha Emérita akamwambia jambo la mwisho: zile punje kama mchele ni vipande vya mnyoo wa tegu, na dawa ile ya sindano haimwui tegu. Hata angepima sawasawa, mbwa wasingepona tegu.

Alimpa vidonge vya mbwa, vya kinywani, pamoja na karatasi yake. Kidonge kimoja kwa kilo kumi. Mbwa apimwe kwanza. Asipewe aliye mgonjwa mpaka apone kabisa. Jike mwenye mimba angoje azae, kisha arudi kuuliza. Matumbo ya wanyama wa porini mbwa wasile mabichi. Yachemshwe au yafukiwe. Viroboto waondolewe, kwa sababu nao hubeba tegu. Mavi yaokotwe kwa jembe na kufukiwa mbali na maji. Na mtoto apelekwe kituo cha afya, asipewe dawa ya mbwa hata chembe.

Dorothée alipofika nyumbani Baseme alikuwa amekufa. Shida alikuwa amelala kando yake, pua juu ya ubavu wake. Dorothée alichimba mwenyewe nyuma ya migomba, huku Shekinah akiuliza Baseme anakwenda kulala wapi.

Tutaona aliishi. Siku nne alilala kwenye kivuli cha jiko, na Dorothée alimgeuza, akamlowesha ulimi kwa kitambaa, akamfukuzia nzi. Siku ya tano alinyanyua kichwa. Siku ya saba kuku alipita mbele yake, na macho yake yakamfuata. Dorothée aliketi chini palepale akalia.

Shekinah alipelekwa kituo cha afya, wakapima choo chake, wakakuta minyoo ya kawaida ya watoto. Muuguzi alipompimia dawa, Dorothée alimwomba ampandishe mtoto kwenye mizani tena. Akamwomba mara ya tatu. Muuguzi hakuelewa ni kwa nini bibi huyu ametoa jasho hivyo, lakini alifanya alivyoombwa. Tumbo la mtoto likatulia baada ya siku chache.

Vidonge vya Tutaona vilibaki kwenye kopo. Mwezi ukapita. Mbwa alikuwa amepata nguvu, ila punje nyeupe bado zilionekana uani kila asubuhi. Kila siku Dorothée alifungua kopo, akasoma karatasi, akalifunga. Aliota kwamba ametoa kidonge na mbwa amegonga ukuta.

Grégoire, mwindaji wa bondeni aliyezoea kuazima mbwa wa Dorothée, ndiye aliyekuja kuuliza mbona hawatoki tena. Kwa muda wote ule Dorothée alikuwa akimwambia kwamba Baseme ameumwa na nyoka. Siku ile alishindwa kuendelea na uongo.

"Papa Grégoire, ni mimi njo nilimuua," alisema. "Kwa mukono yangu."

Grégoire aliketi. Kisha alisema kwamba yeye naye, miaka ya nyuma, aliwapoteza mbwa wawili kwa chupa kama ile, na siku zote amekuwa akisema ni chui. Akaondoka, akarudi na mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia maharage sokoni. Walimtia Tutaona ndani ya gunia, kichwa nje, wakamtundika kwenye boriti. Mshale ulisimama kwenye kumi na nne. Karatasi ilisema kidonge kimoja na nusu. Walipima tena, wakapata vilevile. Dorothée alikata kidonge kwa kisu, akakificha ndani ya tonge la bugali, akalishika kwa muda mrefu mpaka mbwa mwenyewe akamnyooshea pua.

Alimlisha. Kisha hakuondoka uani siku ile nzima. Mbwa akilala alimwamsha, akimtazama macho. Mate yakimtoka kwa njaa, Dorothée aliinuka akampitishia kidole mbele ya macho. Grégoire alikaa naye mpaka saa kumi, wakizungumza machache. Hakuna kilichotokea. Tutaona alikula, akaenda kukojolea migomba, akarudi kulala. Siku zilizofuata uani hapakuonekana punje tena.

Shida alizaa watoto watano, na Dorothée alishuka tena Lushebere kuuliza dawa ya mama na watoto, ingawa kizuizi kilikuwa bado kipo. Tutaona anawinda, lakini mwanga ukififia anajikwaa kwenye visiki, kwa hiyo anarudishwa mapema. Wawindaji wa bondeni siku hizi wanawaleta mbwa wao kwa Dorothée wapimwe kabla ya kununua dawa. Yeye anawapima, anawasomea karatasi, anawaambia kuhusu Baseme. Sindano haishiki. Mwindaji mmoja alimcheka kwa woga wake, naye akamjibu kwamba ni kweli, anaogopa, na kwamba woga huo angeupata mapema Baseme angekuwa hai. Kisha akamwambia amtie mbwa wake ndani ya gunia.