Mjinga wa Kwenye Shuka

Wajukuu wangu hawapendi kukaa nami mbele ya televisheni. Wanasema nasema sana. Ni kweli nasema sana, na sitaacha. Mtu akiingia nyumbani kwangu kunieleza habari za maisha, hata kama yumo ndani ya kioo, nitamjibu. Watoto wangu niliwalea hivyo, na mazoea hayo yalinitoa kwenye nyumba.

Ilikuwa Ruiru, miaka ya hali ya hatari, nikichuma kahawa kwenye shamba la mzungu. Mume wangu alikuwa amepelekwa kizuizini. Nilibaki laini, kwenye vile vyumba vya wafanyakazi, pamoja na msichana wangu na mdogo wake wa kiume. Nilikuwa nimesoma kidogo kwa wamisheni, na tulikuwa na kitabu kimoja cha hadithi, kisicho na jalada, nilichokipata Thika. Baada ya chakula cha jioni niliwasomea. Lakini sikusoma moja kwa moja. Sisi tumekua na vitendawili: mmoja anatega, mwingine lazima ajibu, na anayenyamaza anachekwa. Kwa hiyo nilisoma ukurasa, nikafunga kitabu, nikauliza: huyu mfalme chakula chake kinapikwa na nani? Mbona huyo mpishi hatujamwona? Watoto walijibu wanavyojua, tukabishana wee, hata uji wa kesho nikasahau kuuandaa.

Kisha sinema ikaanza kuja. Gari la serikali lilifika mara moja moja, jua likizama, likasimama karibu na mahali pa kuanikia kahawa. Walitundika shuka nyeupe, na mtu mwenye kipaza sauti akatueleza kwa Kiswahili kile tunachokiona, utadhani hatuna macho. Kuhudhuria kulikuwa lazima. Nyapara alipita mlango kwa mlango akitutoa.

Picha ya kwanza ilikuwa ya wanaume wawili. Mmoja alichimba matuta shambani kama serikali ilivyoagiza, akavuna, akanunua baiskeli. Wa pili alikataa. Mvua ikaja, udongo wote ukaenda mtoni, naye akateleza akaanguka matopeni, kisha akaketi ameshika tama. "Mnamwona mjinga huyu?" kipaza sauti kikauliza, na watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, maana yule bwana alijua kuanguka.

Tukirudi laini, msichana wangu akaniuliza, "Maitu, kumbe guka ni mjinga?"

Maitu kwetu ni mama, na guka ni babu yake, baba yangu mzazi. Alikuwa amekataa kuchimba matuta kwa sababu walimtaka ayachimbe bure kwenye mashamba ya wengine, asubuhi baada ya asubuhi, huku lake likijaa magugu. Mtoto hakujua hayo. Alijua tu kwamba anayekataa matuta ni yule wa kuanguka matopeni.

Nilikasirika sana. Mume walikuwa wamemchukua, na sasa wamekuja na shuka kumchukua baba yangu kutoka kichwani mwa mwanangu. Hapo nikasema hapana. Niliwaketisha watoto, tukaianza ile picha upya kama tulivyozoea kufanya na kitabu. Mke wa huyo mjinga alikuwa wapi? Yule wa baiskeli alisaidiwa na nani kuchimba? Na ni nani aliyesimama upande huu, ameshika mashine ya kupigia picha? Hilo la mwisho msichana akalijibu, "Ni yule anayetaka tucheke."

Tangu siku hiyo kila sinema ilirudiwa chumbani kwangu, na watoto wa majirani wakaanza kuja. Wakaizoea kazi hiyo kupita kiasi. Gari liliporudi na ile ile picha, walidhani mtu wa kipaza sauti naye anatega kama tunavyotega sisi, na kwamba kumnyamazia ni utovu wa adabu. Alipouliza, "Mnamwona mjinga huyu?" msichana wangu akasimama, akajibu kwa heshima zote, "Tunamwona. Mke wake yuko wapi?" Mwingine akadakia, "Na nani alimsaidia huyu wa baiskeli?" Kipaza sauti kikakohoa. Watu wazima wakacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu wanaume wetu wachukuliwe.

Asubuhi nyapara alinikuta kwenye mibuni, nikichuma. Alikuwa mtu wa kwetu, na nadhani aliogopa kuliko mimi.

"Mama, hii watoto yako imeharibu sinema," akasema. "Bwana mkubwa amekasirika sana. Gari iko hapa mpaka leo jioni. Utasimama mbele ya watu na huyu msichana. Aseme yule mtu ni mjinga, na yeye amekosa. Basi, imekwisha."

"Na asiposema?"

"Utatoka kwa nyumba. Fikiria watoto, mama."

"Nawafikiria," nikamwambia. "Ndiyo maana hatasema."

Alinisihi, maskini. Mimi nilishatua kikapu.

Siku hizo kuhama kulitaka kibali cha serikali, na ruhusa ya kuondoka Ruiru niliipata siku ile ile. Ya kukaa Thika ndiyo iliyonisumbua. Njiani nililia, sikatai, nimebeba sufuria na blanketi, watoto wakinifuata. Lakini sikujuta, na leo sijuti. Mama mmoja Mwislamu alinipa chumba, nikapata kazi ya kufagia duka la nguo la Mhindi, na maisha yakaendelea kwa kuvutana.

Mambo yalipolegea kidogo, niliwapeleka watoto kwenye sinema ya Wahindi, viti vya mbele kabisa, shingo zikiuma. Lugha hatukuielewa hata neno. Hakukuwa na kipaza sauti cha kutufafanulia. Palikuwa na mama aliyemngoja mwanawe miaka na miaka, akiimba na kulia, na mwana mwenyewe anastarehe mjini.

Tulipotoka nikasema, "Yule mama ni mjinga kweli kweli."

Msichana wangu akasimama katikati ya njia, watu wakitupita. "Nani amekuambia ni mjinga? Umesikia anachosema? Na wewe, maitu, si unamngoja baba?"

Akaendelea kunibishia njia nzima hadi Kamenu, mtaa tuliokaa, hoja juu ya hoja, bila kuniogopa. Nilitembea nyuma yake nikimsikiliza, machozi yananitoka na kicheko kimenishika, nikasema moyoni: ile nyumba yao ya Ruiru, wakae nayo.