Kitanda cha Springi

Cherehani ya Mama Pindo ilinyamaza siku kumi na tisa. Wenye maduka wa korido aliyoshonea, waliozoea kupigizana kelele na mlio wake, walijikuta wakiteta kwa sauti ya chini kana kwamba kuna mgonjwa chumba cha pili. Na kweli alikuwepo. Mgongo ulimkamata akiwa ameinamia sketi ya shule, asiweze kunyooka. Ikabidi abebwe pamoja na kiti.

Jina la Pindo alipewa na wateja, maana hakuna nguo iliyotoka mikononi mwake pindo limekwenda mrama. Alikuwa amekanyaga cherehani miaka thelathini na moja. Daktari hakumung'unya maneno: misuli ya tumbo na kiuno imelala, asipoiamsha, basi kushona aache. Akamwelekeza kwenye mazoezi ya Pilates, yale ya kitanda.

Wifi yake alicheka hadi akashika ukuta. "Yaani wifi, unatoka kitandani kwako kwenda kulipia cha watu?"

"Heri hicho. Changu nimekilalia karibu wiki tatu, hakijanisaidia kitu."

Chumba kilikuwa ghorofani, juu ya duka la miwani. Vitanda sita vyembamba, kila kimoja na kigari cha kulalia kinachoteleza relini, kimeshikwa na springi kwa chini. Mwalimu, binti wa rika la kitinda mimba wake, alimlaza chali, nyayo juu ya ufito wa chuma.

"Sukuma, mama, kisha urudi."

Miguu ikashika kazi inayoijua. Sukuma, rudi, sukuma, rudi, kwa kasi ya kushona pazia refu, kigari kikigonga ta! ta! ta! Chumba kizima kikageuka.

"Mama, taratibu! Unakimbizwa na nani?"

"Na wateja."

Hata mwalimu alicheka. Kisha akaondoa springi moja. Mama Pindo akashukuru moyoni, akidhani amepunguziwa mzigo. Kumbe sasa kigari kilimponyoka kama samaki, na cha kukirudisha hakikuwepo ila tumbo lake mwenyewe. Likatetemeka.

"Usingoje springi zikuvute. Rudi mwenyewe, hesabu mpaka nne."

Akahesabu. Jasho likamwingia masikioni. Ilimjia kwamba alijua viuno vya nusu ya mji kwa futi kamba, na hakuwahi kujua chake kinaanzia wapi. Mara ya tisa kigari kilifika bila kugonga.

Kesho yake hata kukohoa kulimtoa machozi.

"Si nilikwambia?" wifi akasema.

"Linalouma ni tumbo, wifi. Mgongo hauna habari."

Wiki ya saba ya mazoezi alikaa kwenye cherehani dakika arobaini mfululizo, akasimama bila kushika meza. Mwalimu alimwambia asizidishe hapo, na kwa mara ya kwanza maishani akamtii mtu mdogo kwake.

Siku hizi anashona asubuhi tu, na kazi za haraka hapokei. Jumanne na Ijumaa, saa kumi jioni, yuko kitanda cha pili kutoka dirishani.