Bakteria wa Drieka Wapanda Mizani

“Bakteria wangu hawajawahi kuniangusha,” anatamba Drieka van Gils, amepiga magoti kwenye tuta la stroberi, vidole vimezama udongoni.

“Na wa mwaka jana?” anadakia Toos, mchumaji mwenzake, kutoka tuta la pili.

Drieka anazidi kufukua udongo.

Ni asubuhi ya Juni huko Brabant, kusini mwa Uholanzi. Drieka, mwenye miaka hamsini na minane, anawahudumia vibarua wasiolipwa wa shamba hili: bakteria wanaoishi kwenye mizizi. Wanaufungulia mmea chakula kilichoshikwa na udongo, nao mmea unawalisha utamu unaovuja mizizini. Kabla ya kupanda, Drieka huchovya mizizi ya kila mche kwenye pipa la maji yenye bakteria hao.

Wa mwaka jana walikufa wote. Jumamosi moja, siku ya usafi, Drieka aliona pipa lina utelezi, na mwanamke wa Brabant haachi utelezi Jumamosi. Akalisugua kwa klorini, kisha akachanganya bakteria humohumo.

“Pipa liling’aa, mama yangu angejivunia,” anakumbuka. “Stroberi zikabaki kama punje za njegere.”

Bosi wake, Huub, alimpa msimu mmoja zaidi. Leo matuta mawili yanachumwa na kupimwa: moja la bakteria, jingine la mbolea ya kawaida ya mfuko. La bakteria likishindwa, Drieka anarudi chumba baridi kupanga masanduku, kwa ujira uleule wa euro kumi na tano kwa saa.

“Nina baridi yabisi vidoleni,” anasema. “Mle ndani havitamaliza mwezi. Hapa udongo una joto.”

Na akishinda?

“Nataka shamba zima. Na Jumamosi ufunguo wa stoo ya klorini nampa Toos, maana mimi mwenyewe sijiamini.”

“Nitaumeza,” anasema Toos.

Saa nne inakuja kahawa na biskuti. Kila mtu moja, kisha kopo linafungwa. Mwandishi wa habari hii alilitazama kopo kwa muda, halafu akajitolea kumalizia kuchuma tuta la bakteria, peke yake.

Mizani inasomwa. Tuta la mbolea limeongoza kwa nusu kilo.

Huub anavua kofia, anajikuna kichwa. “Basi, Drieka. Tulikubaliana.”

Drieka anavitazama vidole vyake. Mwandishi anaandika kwa bidii kwamba sayansi nayo ina mitihani yake.

“Ngoja kwanza, bosi,” anasema Toos. “Kabla hujamtupa mtu kwenye barafu, mwambie huyu kijana wa gazeti aachame. Nimemwona kule mwisho wa tuta anatafuna kama sungura, vikonyo vya stroberi anatia mfukoni.”

Mwandishi anaeleza kwamba alikuwa anaonja tu, kwa niaba ya wasomaji.

“Mifuko,” anasema Huub.

Vikonyo vinamwagwa mezani, mfuko wa kulia, kisha wa kushoto. Drieka anavuta kiti, anakaa, na kuanza kuvihesabu kwa sauti, kimoja kwa kila stroberi ambayo haikufika kwenye mizani.