Mji wa Mlimani na Mistari Iliyofutwa

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya safari pale Bloomington, jirani na Minneapolis, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mkuu wa kitengo, Mkenya mwenye haraka, alinikabidhi mji mdogo wa mlimani huko Uingereza. "Umesoma jiografia, si ndiyo? Huu ni wako." Nilikuwa na shahada, koti jipya la baridi na majivuno. Uingereza sikuwahi kukanyaga. Wala yeye.

Kazi yetu ilikuwa kuwaandikia wasafiri maelezo. Punde niliujua mji ule kuliko mtaa wangu wa Richfield: kanisa kileleni, soko ubavuni, kituo cha treni bondeni. Wa kale walijenga juu ili wamwone adui akija. Karne nyingi baadaye reli ikaja, ikashindwa kupanda. Historia yote ni hiyo. Kwenye ramani nilichora kontua, mistari inayounganisha sehemu za kimo kimoja. Ikibanana, mlima ni mkali. Pale ilibanana hasa.

Mkuu akaifuta.

"Hizo laini zako zinachafua ramani. Kituo na kanisa ni upana wa kidole kimoja tu."

"Bosi, kidole hicho kinapanda."

"Wacha hiyo maneno! Hapa si Usambara kwenu."

Kila toleo la ramani nilizirudisha. Kila toleo alizifuta. Nilichoka kugombana na mtu anayepima mlima kwa kidole.

Kisha akaja mama mmoja wa Minneapolis, mwenye mkongojo. Alitaka kuligusa birika la mawe la kanisa lile, alimobatizwa babu yake, kabla magoti hayajamkatalia kabisa.

"Kutoka kituoni ni mbali?"

"Hatua chache, mama," mkuu alidakia.

Nilimwomba mama tutoke. Nikampandisha njia ya magari ya jengo la maegesho, taratibu. Ghorofa ya pili akaegemea gari la mtu, akihema.

"Mlima wenyewe uko hivi?"

"Huu ni mwanzo wake, mama."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi nitafutie teksi."

"Umetesa mteja!" mkuu alifoka.

Aliporudi kutoka safarini, mama alikuja ofisini. Birika aliligusa. Kushuka, akaikataa teksi, akashuka kwa miguu. "Katikati kuna benchi, bonde lote linaonekana. Mbona hukuliandika?"

Toleo lililofuata nililiandika benchi, mkuu akalifuta.

Sasa nimestaafu. Wanangu huniuliza, "Dad, why don't you just go?" Nauli ipo. Magoti ndiyo yameanza kukataa. Nikienda, nitapanda kwa teksi na kushuka kwa miguu, nikiomba benchi lile lisiwe limefutwa nalo.