Upepo wa Kinanda cha Digna

Mwalimu Melkior alimnyang'anya Salvina mtoto wake. Alimnyang'anya kanisani, mbele ya watu, kwa uongo.

Ilikuwa sikukuu ya somo wa parokia, mwaka uliofuata Azimio, wakati kila mwenye koti alipohubiri kujitegemea huku akibebewa kiti. Baada ya Misa, Digna, binti wa Salvina wa miaka saba, alipiga kinanda hadi waliokwisha kutoka wakarudi ndani. Melkior, aliyekuwa akiongoza kwaya, akapita mbele akijifuta uso kwa leso. Akawaambia watu kwamba yeye ndiye aliyemfundisha mtoto huyo, kwa mkono wake, jioni baada ya jioni. Kisha akamhurumia mtoto kwa kukulia katika nyumba ambayo mama hajui hata kuandika jina lake. Anasema hayo, na Salvina yuko palepale, ameketi kwenye kigoda ubavuni mwa kinanda, miguu ingali juu ya mbao, jasho linamtiririka.

Maana kinanda chenyewe kilikuwa cha kukanyaga. Padre wa zamani alikiacha alipokwenda kwao, na parokia ilipopata kingine kikubwa, kile kidogo kikawekwa kwa Salvina, aliyekuwa akifagia kanisa, kwa kuwa nyumba yake haikuwa na mchwa; siku ya sikukuu kilibebwa kikarudishwa kanisani. Chini kilikuwa na mbao mbili. Usipozikanyaga upepo hauingii, na bila upepo hakitoi sauti hata ukivunja vidole. Miguu ya Digna ilikuwa inaning'inia hewani. Basi mtoto akapiga, mama akakanyaga.

Kabla ya sikukuu Melkior alikuwa akija Alhamisi tu. Alimwonyesha mtoto wimbo, akamchapa vidole kwa rula, akala ndizi za Salvina na nyama yake, akaenda zake. Ijumaa Digna hakutaka hata kukiona kinanda. Alijificha nyuma ya zizi na kusema tumbo linamuuma.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na ilikuwa ya Salvina. Hakumchapa, wala hakumbembeleza. Aliketi kwenye kigoda akakanyaga peke yake, kinanda kikawa kinahema tupu, naye akisema kwa sauti ya kusikika hadi zizini kwamba leo atamfundisha mbuzi, pengine mbuzi hana maumivu ya tumbo. Haukupita muda Digna akachungulia mlangoni.

"Mbuzi hana vidole, Mama."

"Ana kwato. Zinatosha kwa wimbo ule unavyoupiga wewe."

Mtoto akapanda kwenye kiti kwa hasira, akapiga. Akipiga ovyo, Salvina aliinua miguu, wimbo ukafia katikati, na Digna akacheka huku akidai upepo wake. Akipiga vizuri, mama alikanyaga kwa nguvu hadi vikombe vikatikisika kabatini. Na wimbo ulipokuwa mgumu kabisa, Salvina alimwomba amfundishe yeye. Digna akakishika kile kidole kinene cha kushika jembe, akakiweka mahali pake, akamkaripia mama kama Melkior anavyokaripia watu, na kwa kumkaripia akaujua wimbo. Majani ya ng'ombe yalichelewa kukatwa. Majirani walisema Salvina amekuwa mtoto. Aliwaacha waseme.

Baada ya sikukuu, Athanas, mume wa Salvina, alipanda kutoka kwenye mashamba ya miwa kule tambarare alikokuwa akifanya kazi. Kabla hajafika kwake, Melkior alikwisha kumkalisha kwenye mbege, pombe ya ndizi. Walipofika nyumbani pamoja na wanaume wengine, neno lilikuwa limekwisha: Digna atahamia kwa Mwalimu, karibu na kanisa, na kinanda kitahamia naye. Salvina aliuliza jambo moja tu, nani atakanyaga.

"Mama Digna," Melkior akasema, "muziki tuachie sisi tuliosoma. Wewe una ng'ombe wako."

Wanaume wakacheka. Athanas naye akacheka.

Kwa Melkior hapakuwa na wa kukanyaga. Mkewe, Leonia, alikataa, akasema hakuolewa kuwa mguu wa kinanda. Mwalimu mwenyewe alijaribu kidogo, akaona ni kazi ya kutoa jasho. Akamfunga Digna vipande vya mti chini ya viatu, akamsogeza ukingoni mwa kiti, na kila alipoteleza mtoto, rula ikamfuata. Salvina alipompelekea maziwa alikuta magoti yamechubuka. Akamwambia Athanas; Athanas akasema Mwalimu anajua.

Masika hayajakwisha, Digna akarudi kwao kwa miguu, peke yake, matope hadi mapajani. Akasema hataki kinanda tena. Salvina alimtania, akamtaja mbuzi, mtoto hakucheka. Na Melkior akaiambia kwaya kwamba mama amemdekeza binti, akamharibu.

Kisha ikasikika kwamba Askofu atakuja, na Padre anamuulizia yule mtoto wa kinanda. Hapo Leonia akaja, tena kwa njia ya nyuma, kupitia migombani, ameficha jani la isale ndani ya kanga. Salvina alikuwa anamenya ndizi. Alijua kama kila Mchaga ajuavyo kwamba ukilipokea isale umesamehe, na usemi umekwisha. Hakuinua mikono kutoka kwenye ndizi.

"Mwalimu amenituma, Mama Digna. Anaomba yaishe."

"Alinitukana wapi?"

Leonia akalisogeza jani karibu zaidi.

"Nakuuliza, dada. Alinitukania migombani?"

"Kanisani."

"Basi asinitafute nyuma ya nyumba. Miguu anayo. Rudi na jani lako, wewe sina neno nawe."

Leonia akalirudisha. Askofu akaja, Digna akakaa kwenye benchi na watoto wengine, mikono mapajani, na Melkior akasema mtoto anaumwa.

Tangu hapo Mwalimu hajasema lingine. Melkior bado anadaiwa: asimame palepale aliposimama, watu walewale wakisikia, aseme nani alimfundisha Digna jioni baada ya jioni, na nani alimfanya akichukie kinanda. Athanas naye anadaiwa kwa kile kicheko, na kwa hilo hata jani la isale hajalileta.